Mwanafunzi wa uhandisi, kisima cha kijijini kinataka hesabu zako zote

Kila msimu wa maombi ya ufadhili huwa naombwa kusoma barua za vijana wanaotaka kusomea uhandisi, na kila msimu nakutana na sentensi ileile: nikihitimu nitajenga miradi mikubwa ya kisasa, na kwa muda wangu wa ziada nitaisaidia jamii, kwa mfano kuchimba kisima kijijini kwetu. Mwaka huu nimeikuta tena kwa kijana mwenye Divisheni Wani ya pointi tatu, na nimeona bora niandike.

Nia yake sina shida nayo. Kinachonikera ni huo "muda wa ziada". Vijana wetu wanaamini akili ya uhandisi ni ya mabwawa, madaraja na viwanda, na kijijini kunatosha moyo mzuri na mchango wa harusi uliobaki. Wafadhili nao wanaichochea imani hiyo, maana fomu zao zina ukurasa mmoja wa malengo ya kitaaluma na mwingine wa saa za kujitolea, kama vile ni watu wawili wanaoomba.

Haya, tukichukue kisima hichohicho. Sera ya Taifa ya Maji ya mwaka 2002 ilitaka mwananchi wa kijijini apate lita 25 kwa siku, asitembee zaidi ya mita 400, na kituo kimoja kihudumie watu 250. Watu 250 kwa lita 25 ni lita 6,250. Tuseme maji yako mita 40 chini. Kuziinua lita hizo mita 40 kunahitaji nishati ya megajuli 2.45, yaani juli milioni 2.45. Mtu mzima anayepampu mfululizo hutoa wati 75 hivi, na pampu ikila asilimia 40, zinabaki wati 45, yaani juli 45 kila sekunde, za kuinua maji kweli. Gawanya mwenyewe, utapata saa 15. Mpini hautakiwi kupumzika tangu saa kumi na mbili asubuhi hadi saa tatu usiku, kila siku, Jumapili na Idi zikiwemo.

Hiyo ni fizikia ya sekondari. Katika barua zote nilizosoma sijaona hata moja iliyoifanya.

Wakubwa nao waliikosa. Mwaka 2006 jijini New York ziliahidiwa dola milioni 16.4 za kusambaza barani Afrika PlayPump, bembea la kuzunguka linalovuta maji huku watoto wakicheza. Wazo lilipendwa sana. Lakini mtoto hatoi wati nyingi kuliko mama yake, hachezi alfajiri ambapo maji ndiyo yanahitajika, na akichoka anashuka. Kuna vijiji ambako akina mama waliishia kulisukuma lile bembea kwa mikono. Kufikia mwaka 2010 kampeni ile ilikuwa imekwisha. Wale watu hawakukosa huruma. Walikosa ule mstari mmoja wa kugawanya.

Sasa tazama kazi iliyofanywa na wahandisi waliochukulia kijiji kama tatizo gumu. Pampu ya Afridev ilibuniwa miaka ya 1980 na kufanyiwa majaribio Malawi na Kenya, pamoja na pwani ya kusini, Kwale. Kabla yake tulikuwa na pampu kama India Mark II, imara kweli, ila silinda yake, yaani chumba cha chini ambamo pistoni inavuta maji, ni pana kuliko bomba la kupandishia maji. Sili ya mpira inayoziba pistoni ikiisha, yaani kitu cha bei ndogo kabisa, lazima ung'oe mabomba yote, kipande kwa kipande, kwa vibano na kundi la wanaume, na fundi atoke wilayani na gari. Afridev waligeuza uwiano huo: bomba ni pana kuliko pistoni, kwa hiyo pistoni inavutwa juu kupitia ndani ya bomba na mabomba yanabaki kisimani. Spana moja inatosha. Mama wawili wa kijiji wanabadilisha sili na kurudisha kabla ya jua kuwa kali. Michoro yake ikaachwa wazi ili kiwanda chochote kiweze kuitengeneza.

Uamuzi huo wa kipenyo cha bomba ulikuwa wa kitaalamu kwa asilimia mia, na ulikuwa huduma kwa jamii kwa asilimia mia. Hakuna aliyeufanya kwa muda wa ziada. Na bado, katika nchi za kusini mwa Sahara, mtandao wa wataalamu wa maji vijijini RWSN ulikadiria mwaka 2009 kwamba zaidi ya theluthi moja ya pampu za mkono zilikuwa hazifanyi kazi. Kazi haijaisha hata kidogo.

Najua jibu la vijana: sola. Sawa. Zile megajuli 2.45 ni chini ya uniti moja ya umeme wa LUKU, hata ukipoteza zaidi ya nusu njiani paneli chache zinatosha. Nguvu si tatizo tena. Tatizo linahamia kwenye kisima chenyewe: je, kina maji ya kutosha kuvutwa mchana kutwa? Upimaji wa uwezo wa kisima mara nyingi hufanyika kati ya Aprili na Juni, kwa sababu mwaka wa fedha unaisha Juni 30 na kila mtu anataka cheti kisainiwe. Hicho ndicho kipindi ambacho mvua zimetoka kujaza ardhi. Oktoba maji yameshuka, pampu inavuta hewa, na kijiji kinaambiwa kimechezea mtambo.

Hapo ndipo damu yangu inapochemka: kulaumu watu kwa jambo ambalo hakuna aliyelipima. Mfano mbaya zaidi ni kutu. Maji ya chini ya ardhi yakiwa na pH (kipimo cha asidi) chini ya 6.5, yaani yana asidi, mabomba ya chuma yaliyopakwa zinki yanaliwa, chuma kinaingia kwenye maji. Asubuhi ndoo ya kwanza inatoka rangi ya udongo, shati jeupe la shule linabaki na madoa, na ukichemsha chai inageuka nyeusi kama wino, kwa kuwa chuma kinashikana na majani ya chai. Akina mama wanarudi mtoni. Kisha anakuja mtu na ripoti inayosema jamii haikupokea mradi, inahitaji elimu. Elimu ya nini? Wale mama wamesoma maji kwa chai yao vizuri kuliko aliyeandika ripoti. Kilichohitajika ni kupima pH kabla ya kuagiza mabomba, kisha kuagiza ya plastiki au ya chuma kisichoshika kutu. Kipimo cha dakika tano. Ikiwa una nafasi ya ufadhili na unataka kuitumikia jamii, anza na kuamini kwamba mtu aliyekataa maji yako huenda ana data ambayo wewe huna.

Fluoridi, madini yaliyoyeyuka kwenye maji ya ardhini, ni kisa kigumu kuliko hicho, maana haina rangi wala ladha. Arusha, Manyara, Singida, kote huko kuna visima vinavyozidi kikomo cha Shirika la Afya Duniani cha miligramu 1.5 kwa lita, na watoto wanakua na madoa ya kahawia kwenye meno, wengine mifupa inapinda. Mkaa wa mifupa ya wanyama iliyochomwa unaondoa fluoridi vizuri. Lakini mkaa ukishajaa, maji yanatoka yaleyale, yanang'aa yaleyale. Nani atajua siku ya kuubadilisha? Sina jibu linaloniridhisha. Dkt. Askwar Hilonga, mzaliwa wa Gongali, Karatu, alisomea nanoteknolojia, sayansi ya chembe ndogo mno, Korea Kusini, akarudi Arusha kufundisha Taasisi ya Nelson Mandela, akatengeneza chujio linalopangwa kulingana na uchafu wa maji ya sehemu husika. Mwaka 2015 lilimpa Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Kihandisi, iliyokuwa inatolewa kwa mara ya kwanza na Royal Academy of Engineering ya Uingereza. Shahada ya juu na maji ya kijiji chao viliingia kwenye kazi moja.

Yapo ambayo vitabu vinayasema kwa uhakika na mimi sina uhakika huo. Vinasema unda kamati, ifundishe, ikabidhi. Nimeona kamati nzuri zikifa baada ya mwenyekiti kuhama, na fundi mmoja anayelipwa kwa mwezi akitunza vituo vya kata nzima. RUWASA, wakala wa serikali wa maji vijijini, na vyombo vyake vya watumia maji, tangu sheria ya 2019, wanajaribu kuelekea huko. Huenda wako sahihi. Bei ya ndoo pia: ukiweka ndogo hakuna pesa ya kununua sili, ukiweka kubwa mwenye watoto wengi anarudi kwenye dimbwi. Sijui kiwango sahihi kiko wapi, na nadhani hakifanani vijiji viwili. Wala sina hakika kama ni haki kumlazimisha mwanafunzi wa ufadhili kujitolea huku bumu, yaani posho ya mkopo, la mwenzake halimdai kujitolea.

Ninachokijua ni kwamba PT, mafunzo kwa vitendo ya chuo, inaangukia likizo ndefu, Julai hadi Septemba, wakati maji ya ardhini yanashuka. Vipimo vya miezi hiyo ndivyo vinavyokosekana kwenye mafaili mengi ya wilaya. Usikimbilie mjini kwenye kampuni kubwa kila mwaka. Omba PT moja ofisi ya RUWASA, uliza orodha ya vituo visivyofanya kazi, chukua utepe wa kupimia kina na kipima pH, nenda kituo kwa kituo. Andika tarehe, saa, kina cha maji kabla ya kupampu na baada ya kupampu, pH, na alichokuambia mama aliyekuwa wa kwanza kwenye foleni. Nakala moja iache wilayani, kwa Kiswahili, nyingine iwe msingi wa mradi wako wa mwaka wa nne.