Bab el-Mandeb na mzigo wako: bima ya vita inalipa nini

Tangu meli ya Galaxy Leader itekwe Bahari ya Shamu tarehe 19 Novemba 2023, kitengo chetu cha bima ya mizigo kinapokea malalamiko mengi, na baadhi hayana msingi. Mtu ameagiza gari Japani, limechelewa, analaumu Wahouthi, wapiganaji wa Yemen walioiteka meli hiyo. Meli inayotoka Yokohama kuja Mombasa au Dar es Salaam hukata Bahari ya Hindi. Bab el-Mandeb, mlango wa kusini wa Bahari ya Shamu, haifiki kabisa. Nauli yake inaweza kupanda, maana meli nyingi zilipohamia njia ndefu nafasi ilipungua dunia nzima, lakini hilo tafadhali lisiandikwe kwenye fomu ya madai kuwa ni shambulio.

Anayehusika hasa ni mwenye mzigo wa kutoka Ulaya kupitia Suez. Mlango wa Bab el-Mandeb, Yemen upande mmoja, Djibouti na Eritrea upande wa pili, una upana wa kilomita kama 30 tu. Mwaka 1973 Misri iliufunga kwa meli za Israel. Meli ya mizigo ya Rubymar ilipigwa na Wahouthi Februari 2024, ikazama Machi na tani 21,000 hivi za mbolea. Ndiyo maana kampuni nyingi zilichagua kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, kusini mwa Afrika.

Hati ya kawaida ya bima, hata ile pana ya daraja A, haigusi vita. Kinga ya vita hununuliwa kando. Huanza mzigo ukishapakiwa melini, na hukoma ukishushwa au siku 15 baada ya meli kufika bandari ya mwisho, lolote litakalotangulia. Mzigo ulio ghalani haumo. Kuchelewa hakulipwi, hata kama chanzo ni vita. Tumelieleza hili mara nyingi.

Kinachowashtua wengi ni mchango wa hasara ya pamoja. Meli ikipigwa, nahodha akaita waokoaji ili isizame, gharama hugawanywa kwa mwenye meli na wenye mizigo wote kulingana na thamani, hata yule ambaye kontena lake halina mkwaruzo. Mzigo huzuiwa mpaka utie saini ahadi ya kuchangia, uambatanishe ankara, na kampuni ya bima itoe dhamana. Kama chanzo ni vita, dhamana hiyo hupewa aliyenunua kinga ya vita. Mwingine huweka fedha taslimu. Usipotimiza hayo, tozo za kuhifadhi kontena zinaendelea kuhesabiwa kila siku.

Ukipokea barua ya mkadiriaji wa hasara, yaani anayepiga hesabu ya mchango wa kila mmoja, ipeleke kwa kampuni yako ya bima siku hiyohiyo pamoja na hati ya shehena, kabla hujatia saini chochote.