"Atazoea tu": maswali ya wazazi kuhusu vikundi vya watoto shuleni

Kazi yangu ni ushauri nasaha kwa watoto wa shule, na huwa nawakutanisha kwenye vikundi vidogo wale wanaopitia magumu, kama kufiwa. Maswali haya naulizwa na wazazi na walimu kila muhula. Moja nimelijibu zaidi ya mara moja, kwa makusudi.

Kikundi hicho ni nini hasa?

Ni watoto sita hadi wanane wanaokaribiana umri. Wanakutana na mshauri mara moja kwa wiki, dakika 30 hadi 45, kwa wiki nane hivi. Wanachora, wanacheza, wanajifunza kuipa kila hisia jina lake na kupumua polepole moyo unapoenda mbio. Si adhabu, wala si darasa la watoto wakorofi.

Tumefiwa, na mtoto amebadilika. Si atazoea tu?

Hapana. Mtoto anayesikilizwa hupata nafuu, na wengi hupata. Asiyesikilizwa anajifunza kunyamaza, na sisi watu wazima tunauita ule ukimya kuzoea.

Ninaowapokea huwa wamechelewa miezi, wengine mwaka mzima. Wanaletwa alama zikishaporomoka, au wakishampiga mwenzao. Nikiuliza vizuri naambiwa alianza zamani kukojoa kitandani tena ilhali alishaacha, anashtuka usingizini, na tumbo linamuuma kila asubuhi ya shule lakini likizo haliumi. Nyumbani walifanya nini? Walimpa dawa ya minyoo. Kwa kukojoa, walimchapa. Naomba sana: msimchape mtoto kwa kukojoa kitandani. Hakojoi kwa kupenda, na fimbo inamwongezea woga ule ule unaomkojoza. Tumbo nalo linauma kweli, hasingizii. Mpeleke akapimwe, na asipokutwa na ugonjwa usimwambie "huna kitu".

Lakini ana miaka saba tu. Anaelewa nini?

Anaelewa kwamba kuna mtu hayupo, kwamba mama analia chumbani, kwamba baba na mama hawasemeshani. Asichokuwa nacho ni maneno ya kuyasema hayo, ndiyo maana yanatokea tumboni, kitandani na kwenye ngumi.

Kwa hiyo narudia: usingoje azoee. Dalili zikifika wiki mbili bila kupungua, au zikimzuia kula, kulala au kucheza, mwone mwalimu au mshauri wiki hiyo hiyo. Usingoje mtihani upite, usingoje muhula mpya. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa kati ya vijana saba wa miaka 10 hadi 19, mmoja ana tatizo la afya ya akili. Mengi huanza utotoni, wakati tunasema "ni mtoto huyo, atasahau".

Akisikia shida za wenzake, si ataharibika zaidi?

Mara nyingi ni kinyume chake. Nakumbuka mvulana mmoja ambaye vikao vitatu vizima alikuwa akizungusha penseli mezani bila neno. Cha nne, msichana aliyekaa pembeni yake akasema, "Baba alipofariki, mimi niliogopa nimemsahau sauti." Penseli ikasimama. Mvulana akasema, "Na mimi." Sikuongeza kitu. Mimi ningeweza kumwambia mara mia kwamba hayuko peke yake. Aliamini aliposikia kwa mwenzake.

Kuna mtoto asiyefaa kuwekwa kikundini?

Yupo. Anayesema anataka kufa au anayejiumiza, na anayepigwa au kufanyiwa ukatili wa kingono, anahitaji msaada wa peke yake kwanza, na siku hiyo hiyo. Siku hiyo hiyo! Usiseme "anatafuta kuonekana". Muulize waziwazi kama anawaza kufa. Kumuuliza hakumpandikizii wazo hilo. Usimwache peke yake, ondoa dawa na vitu vya hatari, mpeleke kituo cha afya.

Pia, anayeonea na anayeonewa wasiwekwe kikundi kimoja. Nimeona ikifanywa ati wapatane. Aliyeonewa alikaa kimya mpaka kipindi kikaisha.

Nitaambiwa anayosema?

Utaambiwa anavyoendelea, na ukitokea usalama wake kuwa hatarini utaambiwa mara moja; hata yeye anaelezwa hivyo siku ya kwanza. Mengine ni yake. Usimsubiri mlangoni na "Umesema nini kuhusu sisi?" Akiulizwa hivyo mara mbili, kikao kinachofuata anafunga mdomo.

Akikosea darasani, naweza kumnyima kikao?

Mwalimu, tafadhali, usifanye hivyo. Siku aliyovurugikiwa darasani ndiyo siku anayokihitaji zaidi.

Nimwambie nini kabla ya siku ya kwanza?

Maneno machache: "Utakaa na wenzako, mtachora na kuongea. Ukitaka kunyamaza, nyamaza. Hujakosa lolote." Lile la mwisho mwambie ukimtazama usoni, maana wengi wanaingia chumbani kwangu wakiamini wameletwa kwa sababu ya kosa.