Je, wajua kwa nini samaki anang'ata kijiti kisichofanana na samaki hata kidogo?

Chambo bandia cha kwanza nilichochonga mwenyewe kilikuwa kizuri mpaka nikaona uchungu kukitia majini. Jioni tatu nzima nilikaa nachora magamba, moja moja, kwa kijiti cha kuchokolea meno, nikaweka jicho lenye mboni, mapezi, mpaka kadoa keusi nyuma ya shavu jekundu. Nikakitupa, nikakivuta, kikaja kimenyooka kama kalamu. Hakuna samaki aliyegeuza hata shingo (najua samaki hana shingo, tuendelee). Jamaa niliyekuwa naye ana kakipande kake ka mti, hakajapakwa rangi, kana ulimi, yaani kibapa cha plastiki kilichochomoza mbele, basi, na ndo kakapata.

Kichwani mwangu chambo kilikuwa sanamu, yaani samaki anadanganywa na macho yake, kwa hiyo ukichora vizuri zaidi unadanganya vizuri zaidi. Nilikaa na wazo hilo muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri, na ningeweza kulitilia shaka mapema sana kama ningeangalia kijiko. Chambo cha kijiko ni kibati kilichobinuka kidogo na ndoana nyuma, hamna jicho, hamna pezi, hamna chochote. Mmarekani Julio Buel alipata hataza ya chambo cha aina hiyo mwaka 1852 (kuna hadithi kwamba wazo lilimjia baada ya kijiko chake cha kulia kumponyoka ziwani samaki akakirukia, hadithi tamu, ichukue kama hadithi). Mpaka leo vijiko vinauzwa na vinavua. Kama sura ndo kila kitu, kijiko kingeshakufa zamani.

Halafu kuna Lauri Rapala wa Finland, mwaka 1936, aliyechonga chambo kwa gome la koki (lile jepesi la vizibo vya chupa) akakivika karatasi inayong'aa ya chokoleti, na juu akapaka negativu za picha (filamu za kamera za zamani) alizoziyeyusha zikawa kama vanishi. Mimi kwenye habari hiyo nilishika karatasi ya chokoleti nikaacha yenyewe hasa: alichokuwa anakitafuta ni mwendo. Alikuwa ameona samaki mwindaji akifika kwenye kundi la vidagaa anamwendea yule anayeyumba, aliyejeruhiwa. Akachonga mpaka koki ikayumba. Ile karatasi ilikuwa nguo tu.

Sasa, kuyumba kunatoka wapi? Hapa nilikosea mara ya pili, nilidhani ni mkono wa mvuvi unatingisha mshipi. Kumbe ukivuta kwa mwendo ule ule bila kutingisha chochote chambo kizuri kinacheza chenyewe, maji ndo yanakichezesha. Hebu chukua rula, isimamishe kwenye ndoo ya maji, ishike kilegevu, iburute ubapa ukiwa mbele. Utaisikia inatetemeka, inataka kwenda kushoto, mara kulia. Maji yakigonga kitu bapa hayawezi kukizunguka kwa utulivu, yakifika ukingoni yanajikunja yanafanya kisulisuli kidogo nyuma ya ukingo. Kwenye kisulisuli presha ni ndogo, kwa hiyo kitu kinavutwa upande huo. Kisulisuli kikikua kinabanduka kinaachwa nyuma, na kinapobanduka cha upande wa pili ndo kinakua. Kushoto, kulia, kushoto, kulia. Mfikirie mlevi kwenye korido nyembamba: anagonga ukuta huu, unamrudisha kwenye ule, na bado anasonga mbele. Bendera nayo inapigapiga kwa ndugu wa jambo hili hili, na waya uliotandazwa nje unavuma upepo ukipita kwa sababu ya visulisuli vinavyopokezana nyuma yake. Mcheki Vincenc Strouhal alipima mlio huo wa waya mwaka 1878, akaona upepo ukiongeza kasi mlio unapanda, na waya ukiwa mnene mlio unashuka. Nilivyosoma hivyo nilicheka peke yangu, manake ni sheria ile ile ya ulimi wa chambo: vuta haraka kinatikisika haraka, weka ulimi mpana kinayumba polepole kwa mapana. Isipokuwa hesabu ya waya usiihamishie kwenye chambo namba kwa namba, waya umefungwa pande mbili, chambo chenyewe kinasogea na kikisogea kinabadilisha visulisuli vinavyokisukuma.

Kusukumwa peke yake hakutoshi, lazima kuwe na kitu cha kurudisha, la sivyo chambo kinapinduka kinazunguka kama feni na kusokota mshipi. Kazi hiyo inafanywa na uzito mdogo unaozikwa tumboni huku mgongo ukiwa mwepesi. Ndo maana watu wanapenda mti wa balsa, ni mwepesi ajabu, mara nyingi chini ya robo ya uzito wa maji ya ujazo ule ule, na kitu chepesi hakibishani sana kikiambiwa geuka.

Na samaki anajuaje? Ana mstari ubavuni kuanzia kichwani kuelekea mkiani, wenye seli zenye vinyweleo vidogo sana, ndugu wa zile za ndani ya sikio letu, maji yakisogea vinyweleo vinapinda. Maabara walishawafanya wasione samaki wakali wa Marekani waitwao muskellunge, na bado waliweza kunasa samaki mdogo, ila ilibidi awe karibu kabisa. Hilo la karibu ni muhimu, mstari huo haufanyi kazi mbali, mara nyingi ni umbali wa urefu wa mwili wake mmoja au miwili. Kwa mbali macho bado yana kazi, kwa hiyo sisemi rangi ni upuuzi. Maji maangavu mchana samaki anaona vizuri. Lakini nyekundu ndo rangi inayomezwa na maji mapema, ukishuka mita kadhaa inakuwa kama kijivu, kwa hiyo lile shavu jekundu nililohangaika nalo huko chini lilikuwa uchafu tu. Na kama anauma kwa njaa, kwa hasira au kwa udadisi, hilo wavuvi watabishana mpaka kuche, samaki hajahojiwa.

Ukitaka kuchonga chako, mwili wa balsa urefu wa kidole, piga msasa, pasua tumbo katikati upitishe waya mmoja kutoka puani mpaka mkiani, wenye kitanzi kila mwisho, na hapo ndo uzito unaingia. Risasi usiyeyushe jikoni, mvuke wake ni sumu, tumia vipande vya chuma. Ulimi unaweza kukata kwenye sidii ya zamani, ile ni plastiki ya polikaboneti, ngumu na haivunjiki ovyo. Ulimi ukilala ukafuata mstari wa mwili, chambo kinazama sana, ukisimama kama ukuta kinabaki juu kinatikisika kwa fujo. Kikikimbilia kushoto ukivuta, pinda kitanzi cha puani kulia, kidogo kidogo kwa koleo, unajaribu tena.

Na hayo yote yanafanyika kwenye beseni kabla ya rangi, kakiwa bado kakijiti kabaya kalikozibwa vitundu vyake kwa vanishi nyembamba tu. Mimi kile changu nilikuja kukikwangua baadaye kwa udadisi, tabaka tano za rangi na epoksi (gundi inayoganda ngumu) juu, nene zaidi mgongoni, kule kule panapotakiwa pawe pepesi. Kilivyobaki uchi nikakirudisha beseni, kikayumba kidogo.