Aliye ndani ya gari la wagonjwa si lazima awe daktari

Malalamiko yanayotufikia hapa Mwanza siku hizi yanafanana: gari lilikuja, mhudumu akafunga jeraha tu, hata dripu hakutundika. Tunaelewa uchungu wa ndugu. Ila huenda aliyeacha kutundika dripu ndiye aliyefanya kazi yake sawasawa.

Huduma ya dharura ina ngazi. Mwenye mafunzo ya huduma ya kwanza, awe bodaboda au mvuvi wa mwalo wa Kirumba, huzuia damu, humlaza ubavu aliyezimia anayepumua, na hukandamiza kifua cha mtu mzima aliyesimama moyo mara 100 hadi 120 kwa dakika, kina cha sentimita 5 hadi 6. Ngazi inayofuata huongeza oksijeni na vipimo. Dawa za mshipa na mpira wa hewa kooni ni vya juu zaidi. Marekani mhudumu wa ngazi ya juu kabisa husoma zaidi ya saa 1,000.

Kwetu, ndani ya gari mara nyingi utamkuta muuguzi au tabibu mwenye leseni. Akivuka mipaka yake anaweza kuitwa mbele ya baraza la taaluma yake, akajieleza, akapewa onyo, akasimamishwa au akafutwa kwenye daftari. "Ndugu walinilazimisha" si utetezi.

Na hili la kumbonyeza tumbo aliyezama "atoe maji" tumeshalisema mara nyingi. Acheni! Hutapisha, na matapishi huingia mapafuni. Kinachomuua ni kukosa hewa, kwa hiyo asiyepumua apuliziwe pumzi kwanza, kisha mikandamizo 30 kwa pumzi 2, bila kukoma hadi msaada ufike.

Kwa mjamzito, aliyejifungua au mtoto mchanga, piga 115, ni bure. Linaweza kuja gari la dereva wa jamii, lisilo na king'ora wala dawa. Pandeni, kazi yake ni kumfikisha mgonjwa kituoni. Moto na uokoaji ni 114, polisi 112. Ukipiga, taja kwanza mahali ulipo: kata, mtaa au mwalo, na alama inayojulikana. "Huku ziwani" haimfikishi dereva popote.

Majeruhi anayevuja damu asizungushwe kutafuta PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi. Apelekwe hospitali atibiwe; ndugu mwingine aende polisi kufuatilia fomu.