Kinyama Kimeenda Maabara: Namna ya Kusubiri Majibu ya Titi

Ganzi imechomwa, sindano yenye springi imelia "tak" mara 4 au 5 ikichukua kinyama cha titi cha kupimwa saratani, muuguzi amekandamiza kidonda na kubandika plasta. Kisha unaambiwa, "Majibu yakitoka utapigiwa simu." Unatoka nje bila kujua atakayepiga ni nani, lini, wala kinyama chenyewe kimepelekwa wapi. Hofu ya saratani ipo, na hakuna ushauri utakaoiondoa yote. Ila sehemu kubwa ya mateso ya siku zinazofuata hutokana na lile neno "utapigiwa". Anayejua kinyama chake kiko hatua gani husubiri kwa namna tofauti na anayesubiri gizani, na ndiye pia anayegundua mapema mambo yakikwama.

Kabla hujatoka chumba cha sindano

Uliza mambo manne na uyaandike papo hapo: maabara gani inapokea kinyama, namba yake ya patholojia ni ipi au itapatikana lini (ndiyo namba ya kinyama huko maabara, si sawa na namba ya faili lako), tarehe ya kurudi ni ipi, na simu ya kliniki ni ipi. Usikubali "wiki mbili hivi". Omba siku yenye tarehe, iandikwe kwenye kadi.

Uliza pia kama malipo ya kipimo yamekamilika. Linaonekana jambo dogo, lakini kinyama ambacho hakijalipiwa kinaweza kukaa kwenye rafu huku mwenyewe akihesabu siku nyumbani. Kama fedha hazipo, ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali ndiyo mahali pa kupeleka suala hilo, na iwe siku hiyohiyo.

Wanapatholojia, madaktari wanaosoma vinyama kwa hadubini, ni wachache nchini Tanzania na wengi wako hospitali kubwa: Muhimbili, Bugando, KCMC, Mbeya. Kinyama kilichochukuliwa wilayani huenda kikasafiri, na mara nyingine anayekabidhiwa kikopo ni ndugu wa mgonjwa. Ukikabidhiwa wewe, kagua kabla ya kusaini. Ndani kuwe na fomalini (dawa ya kuzuia kinyama kisioze) ya asilimia 10, na ujazo wake uwe angalau mara 10 ya kinyama, yaani kizame kabisa na kuogelea. Jina, namba, tarehe, saa ya kuchukuliwa na upande wa titi (kulia au kushoto) viandikwe kwenye mwili wa kikopo. Vikiandikwa kwenye kifuniko, vifuniko vikibadilishana mezani, majina nayo yamebadilishana. Fomu ya maombi isafiri pamoja na kikopo, lakini katika mfuko wake, isije ikalowa.

Usikifungue njiani, maana mvuke wa fomalini unawasha macho na koo. Usikiweke kwenye friza. Ikimwagika, usijazie maji ya bomba, spiriti wala maji ya dripu. Maji hayazuii kuoza, na nyama ya binadamu kwenye joto la Dar es Salaam haingoji mtu. Rudi ulikopewa, au mahali popote penye maabara, ukaombe fomalini.

Saa nazo zina hesabu yake. Kinyama kinatakiwa kuingia kwenye fomalini ndani ya saa 1 tangu kitoke mwilini, na kikae humo si chini ya saa 6 wala zaidi ya 72. Kikikaa nje ya mipaka hiyo, vipimo vya vipokezi vya homoni, ambavyo tutavieleza mbele, vinaweza kutoa jibu la uongo. Ndiyo maana kikopo kinachopandishwa basi Ijumaa jioni kina mashaka kuliko cha Jumatatu asubuhi.

Kinachofanyika huko

Siku ya kwanza kinyama kinapokelewa, kinapewa namba, kinapimwa na kuelezwa kwa macho. Usiku huo kwa kawaida kinapitishwa kwenye mashine inayokausha maji kwa alkoholi hatua kwa hatua, kisha kwenye kemikali iitwayo zailini, mwisho kwenye nta ya parafini iliyoyeyushwa. Nta ikiganda, fundi wa maabara anakata vipande vyembamba vya maikromita 3 hadi 5. Unywele wa kichwa ni mnene mara nyingi zaidi ya hapo. Vipande vinawekwa kwenye kioo na kutiwa rangi mbili, moja inayofanya viini vya seli viwe vya zambarau, nyingine inayofanya kilichobaki kiwe cha waridi. Hapo ndipo mwanapatholojia anaketi kwenye hadubini.

Hakuna hatua inayoweza kurukwa kwa sababu mgonjwa ana haraka. Maabara yenye watu na vifaa vya kutosha hutoa jibu la kwanza ndani ya siku chache za kazi. Penye upungufu, wiki 2 au 3 si ajabu. Umeme ukikatika katikati ya usindikaji, kitendanishi (kemikali ya kupimia) kikiisha, kioo kikihitaji kukatwa upya au daktari akitaka mwenzake naye aangalie, siku zinaongezeka.

Kwa hiyo jibu lililochelewa si lazima liwe baya. Kinyama chenye jibu zuri kabisa kinaweza kuchelewa kwa sababu ya dumu la zailini lililokwisha stoo, na chenye saratani ya wazi kikaandikiwa jibu kwa dakika 5. Kuchelewa hakukuambii chochote kuhusu kilichomo kwenye titi. Kunakuambia tu kwamba uulize.

Kuuliza kuna utaratibu. Siku uliyoahidiwa ikifika na adhuhuri ikapita kimya, piga simu kliniki na utaje namba ya patholojia, usitaje jina peke yake. Ukiambiwa bado, omba tarehe mpya pamoja na sababu. Tarehe ya pili nayo ikipita, nenda mwenyewe, uonane na mkuu wa kliniki. Mara nyingine majibu yamekaa kwenye faili siku kadhaa na hakuna aliyeinua simu. Shirika la Afya Duniani, katika mpango wake wa saratani ya matiti ulioanzishwa 2021, linataka uchunguzi ukamilike ndani ya siku 60 tangu mtu afike kituoni mara ya kwanza. Tumia kipimo hicho kujitetea. Wiki chache za kusubiri kwa kawaida hazibadilishi hatima ya tiba. Ucheleweshaji wa miezi 3 na zaidi ndio unaohusishwa na kupungua kwa uwezekano wa kupona.

Titi lenyewe

Hapa hakuna mengi. Kandamiza palipochomwa kwa dakika 10 hadi 15, vaa sidiria inayobana vizuri, tumia barafu iliyofungwa kwenye kitambaa kwa dakika 15 kila baada ya muda. Parasetamo inatosha kwa maumivu. Aspirini iache, isipokuwa ni ya moyo na daktari amesema uendelee. Kwa siku 2 usiinue ndoo ya maji wala usitwange kwa mkono wa upande huo. Wekundu unaosambaa, usaha, homa ya nyuzi 38 au damu isiyokoma ukikandamiza vinakurudisha hospitali bila kusubiri tarehe.

Titi kuvilia damu ni kawaida na huisha ndani ya wiki 1 hadi 2. Damu iliyovilia inaweza kugeuka bonge gumu chini ya ngozi, na hapo wengi hushtuka wakidhani uvimbe umekua ndani ya siku 3. Anayejibonyeza kila saa huongeza uvimbe na maumivu, kisha uvimbe huo ukazidi kumtisha. Jipime mara moja unapooga, basi.

Saa za usiku

Mchana kuna soko, watoto, kazi. Usiku taa ikizimwa ndipo mawazo yanapoanza kukimbia: nani atalea watoto, mume atasema nini, ada italipwa vipi. Kujilazimisha kutofikiri hakusaidii, kwani wazo unalolifukuza hurudi na ndugu zake. Kinachosaidia zaidi ni kulipangia wazo miadi. Tenga dakika 20 kila siku, tuseme saa 11 jioni, ukae na daftari. Andika kila kinachokutisha, na pembeni ya kila kimoja andika kama kuna la kufanya kabla ya majibu. Swali la daktari linahamia ukurasa wa maswali. Jambo la fedha linapata jina la mtu wa kuzungumza naye. Lisilo na la kufanya linabaki palepale kwenye karatasi. Wazo likija usiku, liambie lingoje saa 11. Siku za mwanzo utaona ni mchezo wa kitoto, lakini baada ya siku 4 au 5 wengi hulala vizuri zaidi.

Moyo ukienda mbio, vuta pumzi kwa puani ukihesabu 4, itoe polepole ukihesabu 6, endelea kwa dakika 5. Kutoa pumzi kirefu kuliko kuivuta ndiko kunakotuliza mapigo. Kahawa na chai kali ziishie saa 8 mchana. Usinunue dawa za usingizi dukani bila cheti, wala usijitibu kwa pombe. Usipolala siku kadhaa mfululizo, ukashindwa kula, au ukianza kufikiria kujidhuru, usisubiri siku ya majibu. Nenda kituo cha afya mara moja na useme wazi.

Mitandaoni kuna majibu ya kila mtu isipokuwa yako. Hata takwimu za kweli zinahitaji tahadhari. Utasoma kwamba biopsi (kipimo hiki cha kinyama) takriban 4 kati ya 5 hazikuti saratani. Hesabu hiyo inatoka nchi ambako wanawake wasio na dalili hupigwa picha za matiti kwa ratiba. Kwetu, ambako wengi hufika na uvimbe unaoshikika, haihamishiki kama ilivyo. Hata hivyo uvimbe usio saratani ni mwingi, na kwa wasichana na wanawake walio chini ya miaka 30 ndio wa kawaida zaidi.

Wenye maneno

Chagua mtu 1 au 2 wa kujua, si ukoo mzima. Kila anayejua atauliza, na kila swali litakurudisha mwanzo. Mapema, mwambie daktari na nesi nani aruhusiwe kusikia majibu pamoja nawe. Hili lisiposemwa, kuna familia ambamo kaka au mume hupokea jibu na mgonjwa akaambiwa "ni jipu tu".

Utaambiwa pia kwamba kinyama kikishachukuliwa saratani "inaamka" na kusambaa. Woga huu umewatoa watu wengi kliniki. Ni kweli seli chache zinaweza kusukumwa kwenye njia ya sindano, lakini haijathibitika kwamba hilo linawapunguzia wagonjwa maisha, na bila kinyama hakuna anayejua dawa ipi itumike. Uvimbe unaokua baada ya sindano ungekua hata bila sindano. Dua na sala endelea nazo kama moyo unavyotaka. Usikubali uvimbe uchanjwe chale, ukandwe kwa maji ya moto wala upakwe dawa zinazounguza. Kidonda kinachozaliwa hapo kinaweza kuahirisha upasuaji.

Siku ya karatasi

Nenda na yule mtu wako, yeye aandike, wewe usikilize. Omba nakala ya majibu, maana utaihitaji hospitali nyingine. Karatasi huwa kwa Kiingereza, na ukiisoma peke yako kwenye benchi kuna mitego miwili.

Wa kwanza ni daraja (grade) na hatua (stage). Daraja linaonyesha jinsi seli zinavyofanana au kutofanana na za kawaida: mwanapatholojia anatoa alama 1 hadi 3 kwa mambo matatu (mirija midogo iliyobaki, umbo la viini, seli zinazogawanyika) na kujumlisha. Jumla ya 3 hadi 5 ni daraja la 1, 6 na 7 la 2, 8 na 9 la 3. Hatua ni jambo jingine: ukubwa wa uvimbe, matezi ya kwapani, na kama ugonjwa umefika mbali. Kinyama cha sindano peke yake hakiwezi kukuambia hatua. Kuna watu wanaona "3" ya daraja wakarudi nyumbani wakiamini wako hatua ya mwisho.

Wa pili ni neno "chanya" (positive). Kukiwa na saratani, kinyama hupimwa vipokezi vya homoni, yaani sehemu za seli zinazopokea estrojeni na projesteroni, pamoja na protini iitwayo HER2. Ni kipimo cha ziada, mara nyingi chenye malipo yake na siku zake. Hapa "chanya" inamaanisha kuna mlango ambao dawa fulani inaweza kuupitia. HER2 ikiandikwa 2+, bado haijaamuliwa na inahitaji kipimo kingine, na ikiwa 3+ ni chanya.

Unaweza pia kuambiwa kinyama hakikutosha. Hilo si jibu, si zuri wala baya. Omba tarehe ya kurudia kabla hujainuka kitini.

Na ukiambiwa hakuna saratani, uliza swali moja: je, jibu hili linalingana na picha na alichokigusa daktari? Sindano inaweza kupita pembeni ya uvimbe na kuleta nyama safi ya jirani. Kama ultrasaundi ilionyesha uvimbe wenye kingo zilizochongoka, au chuchu imeingia ndani, au ngozi imekuwa kama ganda la chungwa, jibu la "salama" halitoshi na sindano irudiwe, ikiwezekana ikiongozwa na ultrasaundi. Kama vyote vitatu vinakubaliana, omba tarehe ya kuangaliwa tena, mara nyingi baada ya miezi 6. Uvimbe ukikua kabla ya hapo, rudi na karatasi yako mkononi.