Muguka Humnyima Mwanafunzi Usingizi, Haumwongezei Akili

Mitihani ya KCSE, ile ya kuhitimu sekondari, inapokaribia, wapo wanafunzi wa sekondari nchini Kenya wanaoamini kwamba kutafuna muguka, ile aina ya miraa inayolimwa hasa Embu, kutawasaidia kukesha na kushika wanayoyasoma. Imani hiyo ina mvuto kwa sababu nusu yake ni kweli: majani mabichi yana kathinoni, kichangamshi cha jamii moja na amfetamini, kinachofukuza usingizi na njaa na kumfanya mtafunaji ajione mwepesi wa kuelewa. Kujiona hivyo si kuelewa. Ubongo huimarisha kumbukumbu za mchana mtu anapolala, hivyo kijana anayetafuna hadi alfajiri, shavu limefura na daftari li wazi mbele yake, anajinyima saa zile zile ambazo somo lingetulia kichwani. Na makali yakishakwisha, huja uchovu, unyong'onyevu na hasira, pengine akiwa tayari ndani ya chumba cha mtihani.

Wazazi nao wasidanganyike kwamba kinachouzwa hadharani hakina madhara, kwani kathinoni yenyewe imeorodheshwa miongoni mwa dawa zinazodhibitiwa vikali na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1971.