Kuhama kombi Kidato cha Tano: yanayosemwa bwenini na yalivyo

Kila Julai wanafunzi wanaripoti na masanduku na magodoro yao, na ikifika wiki ya tatu foleni imeshaanza nje ya ofisi ya taaluma. "Shikamoo, mwalimu. Nataka kubadili kombi." Kombi, au tahasusi, ni masomo matatu anayosomea mwanafunzi Kidato cha Tano na cha Sita, na jina lake ni herufi za masomo hayo: P Fizikia, C Kemia, B Biolojia, M Hisabati ya juu, H Historia, G Jiografia, E Uchumi, K Kiswahili, L Kiingereza. Huyu anatoka PCB anataka HGL, yule HKL anataka HGE, na hakosi mmoja anayetaka kuwafuata marafiki zake wa Kidato cha Nne. Kuhama si tatizo. Tatizo ni sababu wanazokuja nazo, maana nyingi zimepikwa bwenini taa zikishazimwa.

"Anayehama ni kilaza."

Hii ndiyo inayowafanya wengi wazame kimya kimya. Tukumbuke kombi ilipatikana vipi: mwanafunzi alijaza fomu ya machaguo akiwa bado Kidato cha Nne, hajui atapata nini kwenye mtihani, mara nyingi mzazi kamsimamia begani. TAMISEMI wenyewe, ofisi ya serikali inayowapangia shule, hufungua mfumo baada ya matokeo ili watu warekebishe machaguo kabla ya kupangiwa shule. Kama serikali inakubali kwamba chaguo la kwanza linaweza kukosewa, kijana wa miaka 17 anaona aibu ya nini?

"Nilipata C ya Fizikia, kwa hiyo ninaiweza."

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo watu wanapoumia.

C ya Kidato cha Nne inaanzia alama 45. C ya Kidato cha Sita inaanzia 60. Alama 45 zilizokupa C mwaka jana, Kidato cha Sita zinakupa E, na hapo maswali yawe na ugumu uleule, jambo ambalo halitatokea. Mwenye C ya 63 na mwenye C ya 46 wana herufi moja kwenye cheti, ila mwezi wa kwanza tu wa Fizikia ya Kidato cha Tano unawatenganisha. Basi usiiulize herufi. Jiulize uliipataje: ulikuwa unazikokotoa hesabu mwenyewe, au ulikariri majibu ya mitihani iliyopita na bahati ikakuangukia?

"Nimepata sifuri jaribio la kwanza, nihame."

Subiri. Jaribio la kwanza la Kidato cha Tano huwaangusha hata vipanga. Topiki ni ndefu, vitabu ni vinene, na mwalimu hasimami kukuandikia noti ubaoni kama zamani. Kabla ya kuja ofisini, kaa na ile karatasi yako na utafute ulipokosea. Ukikuta kilichokuangusha ni kitu kipya, tuseme mwendo wa kitu kilichorushwa hewani, hicho kinafundishika, piga msuli. Ukikuta huwezi kuhamisha herufi moja kwenye mlinganyo wa kawaida, jambo la Kidato cha Pili, hilo ni shimo la msingi, na silabasi haitakusubiri ulifukie.

"Nitakimbilia arts, kule ni kukariri."

Waliosema hivyo waulize walipewa ngapi kwenye insha yao ya kwanza ya Historia. Na kuna wanaokimbia hesabu za Fizikia wakaangukia EGM, eti "ni nusu arts". Ile M ni Hisabati ya juu yenyewe, ileile ya watu wa PCM! Hata CBG na HGE zina BAM, somo la ziada la hisabati ya msingi. BAM haiingii kwenye hesabu ya divisheni, lakini darasani utakaa.

"Bora Divisheni III ya sayansi kuliko chochote cha arts."

Chukua kalamu. Kwenye divisheni A ni pointi 1, B ni 2, hivyo hivyo hadi E 5, S 6 na F 7, na masomo yanayohesabiwa ni matatu ya kombi. Mwanafunzi wa PCB aliyepata E, E na S ana 5+5+6, jumla 16. Divisheni III inaanzia 13 hadi 17, kwa hiyo nyumbani wanachinja kuku.

Sasa aende kuomba chuo. Kwa vigezo vya jumla vya TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, hesabu inageuka: A ni 5, B 4, C 3, D 2, E 1, S nusu. Shahada inataka angalau principali mbili zenye jumla ya pointi 4 kwenye masomo ambayo kozi inayahitaji. Principali ni A hadi E, S haimo. Huyu wa E mbili ana pointi 2. Kuku ameshaliwa, na chuo kikuu hapati moja kwa moja. Mwenzake wa HGL aliyepata D mbili na F ana pointi 4, na divisheni yake ni III vilevile: 4+4+7, jumla 15. Huyu anaweza kuomba kozi zinazotaka masomo yake.

Simwambii mtu asisome sayansi, mimi mwenyewe ninafundisha Kemia. Ila divisheni bila kutazama herufi zilizomo ndani yake imewadanganya wazazi wengi.

"Nikiacha PCB ndoto ya afya imekufa."

Nusu yake ni kweli. Udaktari wa shahada unataka Fizikia, Kemia na Biolojia, kwa hiyo anayehamia CBG ajue mlango huo anaufunga. Lakini diploma ya utabibu huombwa kwa matokeo ya Kidato cha Nne, ukiwa umefaulu masomo hayohayo matatu pamoja na jingine lisilo la dini. Na CBG nayo ina njia zake, kilimo na misitu pale SUA, Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro kwa mfano. Mwongozo wa udahili wa TCU hutoka kila mwaka. Fungua kozi uitakayo usome masomo inayoyataka, usimtegemee kaka wa Kidato cha Sita ambaye naye hajaufungua.

"Nitahama hata mwakani."

Julai hadi mtihani wa Mei ni kama miezi 22, na likizo zimo humohumo. Kwa hiyo hesabu masomo unayobaki nayo. PCB kwenda CBG unabeba mawili, unaanza Jiografia tu. PCM kwenda PGM vivyo hivyo, EGM kwenda HGE pia. PCB kwenda HGL hubebi hata moja, unaanza yote matatu huku wenzako wameshaandika madaftari. Somo moja hata Septemba linafikika ukikopa noti ukakomaa. Kwa masomo matatu, mimi baada ya mwezi wa kwanza wa masomo huwa nasita kusaini.

Kingine ni shule yenyewe. Ukitaka kombi iliyopo hapohapo, mambo yanamalizwa na taaluma na mkuu wa shule. Kama haipo, huko si kubadili kombi tena, ni uhamisho, wenye vibali na nafasi za kusubiri. Mwaka 2024 zilitangazwa tahasusi mpya 49 juu ya 16 za zamani, zikawa 65, na wanafunzi wakadhani kila shule inazo zote. Shule inafundisha zile ilizo na walimu wake.

"Baba hatakubali."

Huwa ninapiga simu mwenyewe, mwanafunzi akiwa amekaa mbele yangu anajikuna mikono. Sianzi na neno kombi. Namsomea mzee alama za mwanawe, somo kwa somo, kisha ile hesabu ya pointi 4. Kwanza panakuwa kimya. Halafu swali huwa ni lilelile: "Sasa mwalimu, hiyo CBG ndiyo nini?"